Betri Iliyolala Jikoni

Niliwaacha wiki jana mlangoni mwa jiko la mama mkwe, mkono mdomoni, siamini ninachokiona. Kwa ambaye gazeti lilimpita, nafupisha.

Mimi ni Felista, Mama Tulia, mjane wa Abrahamu. Mume wangu aliniachia nyumba pembeni mwa Makandana, hapa Tukuyu, migomba, ng'ombe mmoja, binti mmoja na pikipiki ya petroli. Matanga hayajaanuliwa vizuri, mdogo wake Ambilikile, anayeuza petroli ya chupa kule Kiwira, akataka kuuchukua mji wote, pamoja na mimi niliyemo ndani yake. Nikakataa mbele za watu. Hajanisamehe mpaka leo.

Wazee wa ukoo wakatoa neno. Nikiweza kuilisha nyumba kwa mikono yangu mpaka masika yaishe, nyumba ni yangu na Tulia. Nikishindwa, Ambilikile anaingia, mimi narudi kwa baba yangu, na Tulia anabaki kwa ukoo.

Ndipo ukaja ule mradi wa pikipiki za umeme. Serikali inatoa ruzuku, walisema, bei inashuka, lakini ruzuku anapewa mwenye kukabidhi pikipiki ya petroli. Nikaikabidhi ya marehemu. Ukoo mzima ulinisema. Nikapanda yangu ya umeme, nikaanza kubeba maziwa kila asubuhi kutoka Suma mpaka kituo cha kukusanyia maziwa mjini, na kwa muda kidogo nikawa mtu.

Sasa turudi jikoni.

Betri yangu ninaichomoa jioni na kuichaji chumbani, kwenye kiti, kama mgeni. Jumatano ile asubuhi kiti kilikuwa kitupu. Betri niliikuta jikoni, imelazwa kando ya mafiga, imefunikwa majani ya migomba, na juu ya majani blanketi. Blanketi lenyewe ni la mama mkwe, lile ambalo Abrahamu alimnunulia mwaka aliooa.

"Mama, ni nini hiki?"

Mama alikuwa anapuliza moto. Akaweka kidole mdomoni.

"Gwe mwana, taratibu. Imelala."

Msicheke. Kwetu kila kitu ambacho hutaki kife kwa baridi kinapelekwa jikoni. Vifaranga wanalala pale. Ndama akizaliwa usiku wa mvua analala pale. Mkungu unaotaka uive upesi unafunikwa majani pale pale. Mama huyu amelea watoto na mifugo kando ya mafiga yale na hakuna aliyemfia isipokuwa Abrahamu, naye alifia barabarani.

Nikafunua blanketi. Betri ilikuwa imefura tumbo, plastiki upande wa moto imekunjamana, na harufu yake ilinipanda puani nikakohoa.

"Nani kakwambia uiweke motoni?"

Akanigeuzia mgongo.

"Hakuna. Niliwaza mwenyewe. Kila siku unasema mlimani inakosa nguvu, asubuhi inachelewa kuwaka. Nikaona ni balidi. Si kila kitu hapa kinaumwa balidi?"

"Mama, niangalie. Nani kakwambia?"

"Nimesema hakuna!"

Hakuwahi kunipandishia sauti. Nikakaa chini kwenye kigoda nikaanza kucheka. Kicheko kile kilinitisha mwenyewe, maana hakikuwa na furaha hata chembe.

Niliumia zaidi kwa sababu jana yake, Jumanne, siku yangu ilikuwa imeshapotea kwa mvua. Nilishinda Suma nyumbani kwa Mzee Asajile, ambaye ni mdogo wa baba mkwe wangu marehemu, kwa hiyo naye kwangu ni baba mkwe. Mke wake ndiye anayenipimia maziwa. Mvua ilishika tangu asubuhi, nikakaa kwenye baraza yao mpaka adhuhuri. Mzee mwenyewe alikuwa ndani, na kila alipotaka kutoka alikohoa kwanza, ili mimi nigeuke nijifunike kanga. Kwa wazee wetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye. Vijana wameacha. Ukoo wa Abrahamu haujaacha.

Basi Jumatano hiyo nikaibeba betri kwenda mjini. Aliyenibeba ni Jairo, dereva wa petroli, mtu wa kijiweni kwetu, mdomo hauna pazia.

"Dada Felista, leo umeme umepanda petroli!"

"Endesha, Jairo."

"Naendesha. Nataka tu historia iandike."

Pale stendi palikuwa na watu. Bwana Rodrick wa mradi, kijana aliyetoka Dar es Salaam na koti la mvua jipya, alikuwa anawahubiria madereva wa petroli wajiunge. Awamu ya pili ya ruzuku ilikuwa imefunguliwa.

"Petroli inapanda bei, hamuoni?" alikuwa anasema. "Umeme ni nafuu. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna moshi. Sehemu ya bei inabebwa na serikali. Mnataka nini tena?"

"Tunataka milima ya kushuka tu, bosi!" Jairo akajibu kabla hajazima injini.

Watu wakacheka. Dereva mmoja mtu mzima hakucheka.

"Niulize," akasema. "Hiyo ruzuku ni hela ya nani?"

"Ya serikali, mzee."

"Serikali inailima wapi? Si kodi? Mke wangu akinunua sabuni analipa kodi, ili mimi nipunguziwe pikipiki isiyopanda kilima na mkungu wa ndizi?"

"Mzee, hata petroli ina gharama ambayo huioni. Moshi ule unaingia vifuani mwa watoto wako."

"Watoto wangu wanakaa kwenye mvua. Moshi wa Tukuyu unaoshwa kila siku."

"Na umeme ukikatika?" akadakia mwingine. "Juzi umekatika tangu asubuhi. Hiyo siku nilishe familia chaja?"

Bwana Rodrick akaniona. Uso ukamng'aa.

"Muulizeni Mama Tulia! Huyu ni mteja wetu wa mwanzo. Mama, waambie."

Ndugu zangu, mimi sikuwahi kuichukia pikipiki ile. Nilikuwa shahidi wao kila mkutano, na sikusema uongo. Inanyamaza, ng'ombe hawashtuki. Hela niliyokuwa nampa muuza petroli nilikuwa naiona mkononi mwangu jioni. Tulia alikwenda shule na viatu. Hayo nikayasema tena.

"Lakini," nikaendelea, "dumu moja la maziwa likizidi, kile kilima cha kutoka Suma naisukuma mimi. Mvua ikinyesha sana inaandika maandishi mekundu kwenye kioo chake na kugoma. Hizi pikipiki mlizijaribia wapi?"

"Dar es Salaam," akasema Bwana Rodrick.

"Dar kuna mlima gani?"

Kijiwe kikalipuka. Bwana Rodrick akatabasamu kwa shida.

"Changamoto zipo, mama. Ndiyo maana tunapokea maoni."

"Basi pokea na hii."

Nikaiweka betri mezani kwake na kuifunua. Kicheko kikakatika. Akaigeuza, akainusa, akanitazama kama daktari anayetaka ndugu wa mgonjwa wakae chini.

"Mama, hii imepigwa moto."

"Najua."

"Dhamana haihusu moto."

"Na ruzuku?"

"Ruzuku ilishatumika kwenye bei ya pikipiki. Betri ikiharibiwa ni juu ya mwenye nayo."

"Mpya bei gani?"

Akanitajia. Nikamwomba arudie, akarudia. Jairo alipiga mluzi.

"Kwa hela hiyo si unapata petroli ya mtumba inayotembea!"

Nikasema lile nililokuwa nimelificha moyoni tangu siku ya kwanza, kwamba mambo yakiharibika kabisa ninapo pa kurudi.

"Basi nirudishieni pikipiki ya mume wangu. Hii chukueni, na ruzuku yenu chukueni."

Bwana Rodrick akatazama viatu vyake.

"Mama, zile zilikatwa. Ni sharti la ruzuku. Hairuhusiwi zirudi barabarani, vinginevyo serikali ingekuwa inalipia pikipiki mbili."

"Zilikatwa?"

"Vyuma chakavu, mama. Siku nyingi."

Kwenye tangi la pikipiki ile Abrahamu alikuwa ameandika jina la Tulia kwa rangi yangu ya kucha, siku mtoto alipozaliwa. Nilikuwa nikidhani ipo mahali, kwenye bohari, imefunikwa turubai. Niliikabidhi kwa mikono yangu na kuweka saini nikitabasamu, na sikuuliza inakwenda wapi. Nililia pale pale stendi mbele ya wanaume, na Jairo akaichukua betri mezani, akanirudisha nyumbani.

Siku zilizofuata nilibeba maziwa kwa miguu. Nilibeba dumu moja kichwani na jingine mkononi. Nilipofika kituoni walikuwa wamefunga kupokea. Maziwa yakaganda, tukayanywa wenyewe, tukawapa majirani. Wanawake wa Suma wakaanza kumpa mtu mwingine. Sikuwalaumu, wao pia wana watoto.

Jumamosi Ambilikile akaja. Alikuja na mkate na sukari, akamwamkia mama yake vizuri kabisa, akakaa.

"Shemeji, pole. Kesho baada ya kanisa wazee watakuja."

"Masika hayajaisha."

"Pikipiki imeisha."

"Wewe umejuaje? Sijamtuma mtu Kiwira."

Akacheka kwa upole.

"Habari haihitaji chaji, shemeji."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anamenya ndizi, na hakuinua macho hata mara moja. Niliona ni aibu.

Jumapili mvua ilinyesha mchana kutwa. Wazee walikaa sebuleni, Mzee Asajile kwenye kiti cha Abrahamu. Mimi nilikaa kwenye mkeka, kwenye mlango wa chumbani, mgongo kwao, kanga kichwani. Kwa kuwa siruhusiwi kusema na baba mkwe, maneno yangu yalipita kwa mama mkwe. Yeye alikaa katikati yetu. Wakisema, ananong'ona kwangu. Nikisema kwa sauti ya chini, anawafikishia.

"Mkamwana aulizwe," Mzee Asajile akaanza. "Pikipiki inatembea?"

Mama akaniinamia, ingawa nilishasikia.

"Mwambie haitembei."

"Haitembei," mama akasema.

Ambilikile akaomba kusema, akapewa nafasi.

"Wazee wangu, mimi sina ugomvi na shemeji. Kaka aliacha pikipiki nzima. Ilikuwa inampeleka mtu hospitali, inabeba ndizi, inapanda kilima chochote. Huyu kaitoa ikatwe vyuma, sababu kasikia ruzuku. Wazee, ukiona unapunguziwa bei, uliza umepunguziwa na nini kingine! Sasa hana petroli, hana umeme. Mimi nasubiri nini? Nisubiri na Tulia atembee peku?"

Wazee wakaguna wakikubali. Kilichoniuma ni kwamba alichosema kilikuwa kweli karibu chote.

"Betri iliharibiwa na nani?" Mzee Asajile akauliza.

Mama akaniinamia.

Nilikuwa nimelifikiria swali hili tangu Jumatano. Nikisema ni mama, watasema amezeeka, hafai kuachwa na moto, na Ambilikile atambeba kwenda Kiwira, kisha nyumba isiyo na mama mkwe itakuwa na mjane peke yake, na mjane peke yake huku kwetu hawezi kuuzuia ukoo mlangoni. Nikisema ni mimi, nimeshindwa, basi. Njia zote mbili zilinitoa mlangoni. Nikaona bora nitoke bila kumkanyaga mama.

"Mwambie ni mimi," nikanong'ona. "Mwambie niliisahau karibu na moto."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Mama, wafikishie."

Mama mkwe akanyanyuka. Nilisikia magoti yake yakilia.

"Anasema ni yeye," akasema. "Anasema uongo. Ni mimi niliyeilaza motoni, kwa mikono hii."

Wazee wakaguna tena, sasa guno lingine.

"Na aliyenifundisha ni huyu!"

Sikuhitaji kugeuka kujua kidole chake kimeelekea wapi.

"Jumanne alikuja. Alikaa jikoni kwangu, alikula ndizi zangu. Akaniambia, mama, betili inakufa kwa balidi, mwanamke huyu hajui, ilaze karibu na moto umsaidie. Nikamsikiliza! Ni mwanangu! Nimebaki naye mmoja, ningemkataaje?"

Ndiyo maana alinigeuzia mgongo. Ndiyo maana hakuinua macho. Alikuwa amemficha siku zote hizo, na sasa alikuwa amemtoa mbele ya ukoo kwa ajili yangu, mtoto wa watu.

Nilisubiri Ambilikile apige kelele. Hakupiga. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa laini kuliko ya mchungaji kwenye msiba.

"Wazee wangu, mnaona wenyewe. Mama yangu amechoka. Tangu kaka afe anaongea na kuku. Jumanne mimi nilikuwa Kiwira kwenye biashara yangu. Simlaumu. Namwombea tu apumzike, aje akae kwangu."

"Mwongo!" mama akasema.

"Mama, kaa chini."

"Tulieni," Mzee Asajile akaamuru. "Mama Abrahamu, unamshtaki mwanao. Ni neno zito. Nani mwingine alisikia?"

Hapo ndipo mama mkwe wangu, ambaye kanisani ndiye anayewafundisha wanawake wenzake, ambaye hajawahi hata kupunguza kipimo cha maziwa, akafanya kitu ambacho sitakisahau nikiwa hai.

"Felista alisikia," akasema. "Alikuwepo. Alikuwa anafua hapo nje ya jiko. Alisikia yote."

Alidanganya. Alidanganya ili aniokoe, na hakujua amenichimbia shimo. Wapo watu wengi ambao wangeweza kuamini kwamba Jumanne ile nilikuwa nafua nyumbani. Mmoja tu hawezi. Ni yule aliyekaa kwenye kiti cha mume wangu, ambaye Jumanne ile ile alikohoa asubuhi nzima ndani ya nyumba yake Suma, ili mimi, niliyekaa barazani kwake, nijifunike.

Nikisema nilikuwepo, anajua ni uongo, na uongo wangu utaua na ukweli wa mama. Nikisema sikuwepo, mama ni mwongo mbele ya ukoo, Ambilikile anamfunga kamba ya upole na kwenda naye Kiwira, na kesho asubuhi mtu mwingine anamsuka Tulia nywele.

Mzee Asajile akakohoa. Kikohozi kile kile.

Mama mkwe akaniinamia ili anipe swali. Mzee akamzuia.

"Hapana. Leo sitaki mtu wa kati."

Ambilikile akashtuka. "Baba, mila..."

"Nimesema mimi. Mkamwana, geuka."

Nikageuka. Nikatoa kanga usoni. Tangu niolewe katika ukoo ule sikuwahi kumwona mzee yule usoni, na sikuwa nimejiandaa kwa nilichokikuta. Alikuwa na macho ya Abrahamu, yale yale, yenye uchovu pembeni.

"Jumanne asubuhi," akaniuliza polepole, "ulikuwa wapi?"

Mkono wa mama mkwe ulikuwa umeshika pindo la kanga yangu. Nikafungua mdomo. Nilichojibu, subirini gazeti la wiki ijayo.